Walimu wa Moton na masomo ambayo hayakuwemo kwenye ratiba

Machi 7, 1952, majaji watatu wa mahakama ya shirikisho huko Richmond, Virginia, walitoa hukumu ambayo ndani yake mna orodha ya masomo. Waliandika kwamba katika Shule ya Sekondari ya Robert Russa Moton, shule ya watoto weusi mjini Farmville, wanafunzi hawafundishwi fizikia, historia ya dunia, Kilatini, upigaji chapa na hatimkato vya ngazi ya juu, useremala, ufundi wa mashine, ufundi wa umeme, wala uchoraji. Masomo hayo yote yalikuwa yanafundishwa katika shule za wazungu za kaunti ile ile ya Prince Edward. Wakaongeza kwamba Moton haina ukumbi wa michezo, haina bafu wala vyumba vya kubadilishia nguo, haina bwalo la chakula, haina zahanati ya wanafunzi, na walimu wake hawana hata chumba cha kupumzikia. Kisha, baada ya kuyakiri yote hayo, wakaamua kwamba kuwatenga watoto kwa rangi ni halali. Walichoamuru ni kwamba masomo yasawazishwe bila kuchelewa na majengo yashughulikiwe kwa bidii.

Mimi ni mwalimu wa historia, na mambo ya ratiba nayajua. Anayeipanga hujua kwamba kila kipindi kinachoingia kimesukuma kingine nje, na kwamba somo lisilo na mwalimu halipo, hata likiandikwa kwa wino mwekundu. Ndiyo maana orodha ile niliisoma polepole. Mtoto asiyefundishwa fizikia ameshafungiwa njia ya uhandisi kabla hajajua kwamba uhandisi upo. Asiyefundishwa hatimkato ya juu hatakuwa karani wa ofisi, na asiyegusa waya wa umeme darasani hataajiriwa kiwandani kama fundi. Ukiunganisha mapengo ya ratiba ya Moton unapata picha kamili ya kazi ambazo mji ule ulikuwa tayari kumpa kijana mweusi mwaka 1951, na zile ambazo alikuwa anazuiwa.

Mgomo wa Farmville umeandikwa sana, na haki yake umeipata. Barbara Johns, msichana wa miaka 16, aliwaongoza wenzake zaidi ya 450 kutoka madarasani Aprili 23, 1951, na kesi iliyozaliwa hapo ikawa moja ya kesi tano zilizounganishwa katika Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliiamua Mei 17, 1954, ikisema kuwatenga wanafunzi kwa rangi ni kinyume cha katiba. Mimi nataka kukaa na watu ambao kwa kawaida hupita nyuma ya simulizi hiyo: walimu wa shule ile na kazi walizozifanya, pamoja na kwaya, maigizo na vilabu walivyovilea. Naamini hapo ndipo mgomo ulipopikwa.

Farmville ni mji mdogo wa kusini mwa Virginia, mji wa tumbaku na makao makuu ya kaunti. Jengo la Moton lilifunguliwa mwaka 1939: la matofali, la ghorofa moja, ukumbi katikati na madarasa manane kuuzunguka. Lilijengwa kwa wanafunzi 180. Kufikia 1950 walikuwa wamepita 450. Wazazi waliiomba bodi ya shule jengo jipya, wakaomba tena, na mwishoni mwa miaka ya 1940 wakapewa vibanda vitatu vya mbao vilivyofunikwa kwa karatasi za lami. Watu waliopita barabarani walidhani ni mabanda ya kuku. Kila kibanda kilikuwa na jiko la kuni au makaa: aliyekaa karibu nalo alitoka jasho, aliyekaa mbali alivaa koti siku nzima, na mvua iliponyesha wanafunzi wengine walifungua miavuli wakiwa wamekaa kwenye madawati yao. Ukumbini, ambako hapakuwa na viti vya kudumu, madarasa mawili au matatu yaliendeshwa kwa wakati mmoja. Wakati mwingine somo lilifundishwa ndani ya basi la shule lililoegeshwa.

Katika mazingira hayo mwalimu hakuwa na kazi moja. Aliyefundisha historia ndiye huyo huyo aliyeendesha basi la wanafunzi asubuhi, na akifika shuleni aliwasha majiko ya vibanda kabla ya kushika chaki. Mabasi yenyewe yalikuwa yameshatumiwa na shule za wazungu kwanza. Nimekutana na walimu wa aina hiyo katika maisha yangu, na najua uchovu wao ukoje saa nane mchana. Hata hivyo hawakuwa walimu wa kubahatisha. Ualimu ulikuwa miongoni mwa kazi chache ambazo mtu mweusi aliyesoma angeweza kuzipata kusini mwa Marekani, kwa hiyo vichwa ambavyo kwingine vingeishia kwenye maabara, benki na ofisi za serikali viliishia mbele ya ubao. Watoto wa Moton walinyimwa vifaa, lakini watu waliowafundisha walikuwa watu makini.

Sasa tuangalie kilichokuwemo. Kilimo na sayansi kimu vilikuwa na nafasi imara katika shule za vijijini za Marekani kwa sababu ya fedha. Sheria ya Smith-Hughes ya mwaka 1917 ilitoa pesa za serikali kuu kwa ajili ya kufundisha kilimo, ufundi na sayansi kimu katika shule za sekondari, na hata kulipa mishahara ya walimu wake. Shule za weusi na za wazungu zote ziliingia katika mpango huo, ingawa kugawana hakukuwa sawa. Vijana wazungu wa kilimo walikuwa na chama chao cha kitaifa, Future Farmers of America, kilichoundwa mwaka 1928. Weusi hawakuruhusiwa humo katika majimbo ya ubaguzi, wakawa na chao, New Farmers of America, ambacho kilianzia Virginia kwenyewe mwaka 1927 na kuwa cha kitaifa mwaka 1935 huko Tuskegee. Wasichana wa sayansi kimu nao walipata New Homemakers of America mwaka 1945.

Jina la shule lenyewe linaeleza mengi. Robert Russa Moton alizaliwa Virginia mwaka 1867, akakulia Prince Edward, akasoma na kufanya kazi katika chuo cha weusi cha Hampton, na mwaka 1915 akamrithi Booker T. Washington kama mkuu wa chuo cha weusi cha Tuskegee. Hampton na Tuskegee ndizo zilizobeba falsafa kwamba mtu mweusi aanze na jembe, nyundo na sindano, na mengine yatafuata. Watu wenye hekima walioiamini falsafa hiyo waliona ndiyo njia ya kujenga uchumi wao wenyewe chini ya utawala uliowachukia. Matajiri na maofisa wengi wa kizungu waliipenda kwa sababu nyingine: haikudai kura wala kiti cha mbele.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani mambo haya ni ya mbali. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes kutoka Marekani, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, na ndani yake akiwemo Mghana James Aggrey, ilizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ikapendekeza elimu ya mtindo huo huo kwa Waafrika. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Jeanes School huko Kabete, Kenya, iliyowaandaa walimu wa kutembelea shule za vijiji na kuhimiza bustani, vyoo na usafi. Mpango wa Jeanes ulikuwa umeanzia Virginia. Mwalimu wake wa kwanza, Virginia Randolph, aliteuliwa mwaka 1908 katika kaunti ya Henrico, iliyo ubavuni mwa Richmond. Na kama ilivyokuwa Virginia, Kenya nako wazazi wengi waliona bustani ni nzuri ila wakauliza Kiingereza kiko wapi, hesabu ziko wapi. Kwa hiyo nikisoma kwamba Moton kulikuwa na kilimo lakini hapakuwa na fizikia, najua nasoma pia habari za babu zetu.

Silidharau somo la kilimo. Nchi yangu imejaribu kwa moyo wote kuweka jembe ndani ya elimu, na naamini lilikuwa wazo lenye heshima, kwa sababu lilikusudiwa kwa watoto wote. Kinachouma kuhusu Prince Edward ni kwamba kuna mtu aliyekaa mezani akaamua jembe ni la nani na darubini ni ya nani.

Hata hivyo elimu ya kuwafunga mahali pamoja ilikuja na kitu ambacho waliopanga hawakukitarajia. Vyama vile vya vijana vilikuwa na uchaguzi, kumbukumbu za vikao, mashindano ya hotuba na safari. Barbara Johns, katika kumbukumbu alizoziandika baadaye kwa mkono wake, ameeleza kwamba alikuwa katika kikundi cha maigizo, katika New Homemakers of America, katika kwaya na katika baraza la wanafunzi, na kwamba ni kwa sababu ya uanachama huo alipata kutembelea shule za sehemu nyingine na kuona majengo ya kisasa. Akarudi Farmville akiwa na kipimo. Mtoto ambaye hajawahi kutoka kijijini kwao anaweza kudhani kibanda cha lami ndiyo shule. Aliyekwenda kuimba kwa watu, akaona ukumbi wenye viti na taa za jukwaani, hawezi tena kudanganywa.

Ndipo anapoingia mwalimu Inez Davenport, mwalimu wa muziki. Barbara alimlalamikia siku moja kuhusu hali ya shule. Kwa maelezo ya Barbara mwenyewe, mwalimu hakumfariji wala hakumwambia avumilie. Alimuuliza kwa nini asifanye jambo kuhusu hilo. Msichana aliondoka akidhani amepuuzwa, kisha swali likamkaa kichwani siku nyingi, mpaka likageuka kuwa mpango.

Swali lile linahitaji kuwekwa mahali pake. Walimu weusi wa Virginia walijua gharama ya kusema. Mwaka 1939, huko Norfolk, mwalimu wa kemia Aline Black alipodai mahakamani alipwe sawa na walimu wazungu, mkataba wake haukufanywa upya. Mwenzake Melvin Alston aliendelea na dai hilo na mwaka 1940 mahakama ya rufaa ikakubali kwamba kuwalipa walimu kwa rangi ni kinyume cha katiba, lakini kazi ya Aline ilikuwa imekwenda kwa sababu ya ujasiri wake. Mwajiri wa mwalimu wa Moton alikuwa bodi ya wazungu watupu. Inez Davenport hakuweza kusimama mbele ya bodi. Alichoweza ni kuliacha swali mikononi mwa mtoto ambaye tayari alikuwa amefundishwa kusimama jukwaani bila kutetemeka. Mimi naliita hilo kufundisha, tena kwa kiwango cha juu kabisa.

Tazama jinsi mgomo ulivyoendeshwa, utaona vilabu vyote vya shule vikifanya kazi. Barbara alianza na wachache: Carrie Stokes, kiongozi wa baraza la wanafunzi, ndugu yake John Stokes, na wengine waliozoea kuongoza wenzao. Walikutana kwa siri kwa miezi. Asubuhi ya Aprili 23 mkuu wa shule, M. Boyd Jones, alipigiwa simu akaambiwa kuna wanafunzi wake wako matatani kituo cha mabasi mjini. Akaondoka. Vikaratasi vikapelekwa kila darasa vikiita mkusanyiko ukumbini, na chini yake herufi J, ambayo ilikuwa ya mkuu na ilikuwa ya Barbara pia. Wanafunzi wakaingia pamoja na walimu. Pazia lilipofunguliwa jukwaani hakuwepo mkuu wa shule. Alikuwepo msichana wa darasa la tatu la sekondari, ambaye aliwaomba walimu watoke. Wengine walisita, akavua kiatu akagonga nacho benchi. Kisha akawaeleza wenzake hali ambayo wote waliijua na hatua ambayo hakuna aliyewahi kuifikiria. Simu, vikaratasi, pazia, sauti iliyofika viti vya nyuma: kazi ya kikundi cha maigizo ilionekana pale.

Jones aliporudi aliwasihi warudi madarasani. Walikataa kwa heshima. Watu wa bodi walimshuku kwamba alijua, na hawakuwahi kuacha kumshuku. Ninachojua ni kwamba kabla ya siku ile alikuwa amekwenda mbele ya bodi mara kwa mara pamoja na wazazi kuomba jengo, na kila mara walirudishwa na ahadi. Wazazi hao waliongozwa na mchungaji L. Francis Griffin wa kanisa la First Baptist, na John Lancaster, bwana shamba wa kaunti kwa wakulima weusi, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wazazi na walimu. Bwana shamba, mchungaji, mkuu wa shule: katika mji mdogo ndiyo serikali yote ambayo watu weusi walikuwa nayo.

Wanafunzi waliwaandikia mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, Oliver Hill na Spottswood Robinson, nao wakafika wakiwa na nia ya kuwashauri warudi shuleni. Walipowakuta wamejipanga namna ile, wakawapa sharti: hawatapigania jengo jipya, watapigania mwisho wa kutenganishwa. Wazazi wakakubali kwenye mkutano kanisani. Wanafunzi walirudi madarasani Mei 7, na Mei 23 kesi ikafunguliwa kwa majina ya wanafunzi 117, wa kwanza akiwa Dorothy Davis wa miaka 14.

Malipo kwa walimu yalikuja haraka. Mkataba wa Boyd Jones haukufanywa upya kiangazi hicho. Lancaster naye alipoteza kazi yake ya ubwana shamba. Inez Davenport, ambaye aliolewa na Jones, aliondoka Farmville, na kwa miongo mingi sehemu yake katika habari hii haikutajwa hadharani. Barbara mwenyewe, wazazi wakihofia maisha yake, alipelekwa Montgomery, Alabama, kumalizia masomo kwa ami yake, mchungaji Vernon Johns. Baadaye akawa mkutubi Philadelphia, akafariki mwaka 1991.

Shule mpya ya Moton, yenye vitu ambavyo ile ya zamani haikuwa navyo, ilifunguliwa mwaka 1953. Bodi iliyosema kwa miaka mingi kwamba haina fedha ilizipata, ikitumaini jengo zuri litawanyamazisha watu. Ilidumu miaka sita tu. Mwaka 1959, ilipoamriwa kuchanganya watoto, kaunti ya Prince Edward ilikataa kutoa fedha za shule za umma, ikazifunga zote. Watoto wazungu wakafunguliwa shule binafsi. Watoto weusi zaidi ya 1,500 wakabaki bila darasa. Wengine walisoma katika vyumba vya chini vya makanisa, wengine wakapelekwa kwa jamaa au kwa familia za kujitolea mikoa mingine, na makumi ya wale wa sekondari walipokelewa Kittrell, chuo cha AME, kanisa la Wamethodisti weusi, huko North Carolina. Walimu weusi wa kaunti nzima walijikuta bila kazi kwa siku moja.

Jambo hili halisemwi vya kutosha tunapozungumzia ushindi wa Brown. Katika majimbo 17 ya kusini na mipakani, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni walimu na wakuu wa shule weusi 38,000 waliopoteza kazi kati ya 1954 na 1965, shule zilipounganishwa na bodi zikaamua kubaki na wafanyakazi wazungu. Vyama vya vijana navyo vilimezwa. New Farmers of America, yenye wanachama zaidi ya 50,000, iliunganishwa na chama cha wazungu mwaka 1965. Jina, rangi zake nyeusi na dhahabu, na nafasi za uongozi ambazo vijana weusi walikuwa wakigombea vikapotea. New Homemakers nao waliunganishwa mwaka huo huo. Kuondoa ubaguzi kulikuwa haki, na ningekuwepo ningeipigia kura kwa mikono miwili. Ila haki hiyo ilitekelezwa na watu walewale waliokuwa wakibagua, na gharama wakaitupia upande mmoja.

Nailea klabu ya midahalo shuleni kwetu, na kila mwaka kuna mtu mwenye nia njema anayependekeza tupunguze vilabu ili muda uende kwenye mazoezi ya mitihani. Huwa namsimulia habari ya kwaya ya Moton. Shule ile haikuwa na maabara ya maana, na hilo lilikuwa dhuluma tupu. Lakini ilikuwa na mwalimu wa muziki aliyewapanga watoto kwa sauti, akawapandisha kwenye basi, akawapeleka waone shule za wengine. Sijui mtihani gani ungempima Barbara Johns kwa alichofanya ukumbini siku ile.

Septemba 1963, kwa msukumo wa serikali ya Kennedy na michango ya watu binafsi, shule za bure za muda zilifunguliwa Prince Edward katika majengo ya umma yaliyokuwa yamefungwa. Mkuu wake, Neil Sullivan, alikusanya walimu weusi na wazungu pamoja, jambo ambalo kaunti haikuwahi kuliona. Iliwabidi waachane na mpangilio wa kawaida wa madarasa, kwa sababu kijana mrefu wa miaka 12 angeweza kuwa hajawahi kufundishwa kusoma. Walimpa kila mtoto kazi kulingana na alipofikia, si kulingana na umri. Mei 25, 1964, Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya Griffin, jina la familia ya yule mchungaji, kwamba kaunti haiwezi kuendelea kuzifunga shule, na Septemba ya mwaka huo shule za umma zikafunguliwa tena. Karibu wanafunzi wote walioingia walikuwa weusi. Wazungu, isipokuwa wachache sana, walibaki kwenye shule yao binafsi.